Motokari ya Adalbert Nkandu, Yenye Muntu Mwingine Hakugusa

Tarehe 30 mwezi wa sita, mwaka huu wa 1957, Bwana Adalbert Nkandu, machinisti, mwenye anaendesha lokomotivi, atatundika kofia yake ya kazi ku musumari kwa mara ya mwisho. Ametumika miaka makumi tatu na moja ku depo yetu ya Élisabethville. Balitafuta nani ataandika habari yake ya kusomwa siku ya kuagana. Kuko makarani benye masomo mingi, lakini balikuja kwangu miye, mwenye anatia makala mu moto ya lokomotivi yake, na balifanya muzuri. Kalamu inanilemea kupita beleshi ya makala, hiyo sikatai. Lakini karani gani alisimama na Adalbert mbele ya moto, mvua na jua, toka hapa mpaka Sakania, mwisho wa reli yetu?

Adalbert alikuja akiwa kijana, toka kaskazini ya Katanga, mu mwaka 1926. Miye nilikuwa nimemutangulia. Balimupa kazi ya kupaka mafuta ku magurudumu ya mavagon, na nyundo ya kupiga chuma na kusikiliza kama kuna ufa. Hapo njo alipata imani yake, yenye hajaacha mpaka leo: kintu yote yenye inazunguka inaomba mafuta. Kisha alitia makala. Kisha, mu mwaka 1941, balimupa lokomotivi yake mwenyewe. Na miye balitaka kunipa. Nilikataa, sababu muntu mwenye anajua moto hawezi kuachia bengine moto. Adalbert alikuwa anashika mukono ya chuma, lakini mvuke ilitoka ku mabega yangu. Muulize, atakubali. Akikataa, mumuulize tena.

Kwa kazi, hakuna wa kumulaumu. Treni yake ilisimama kila mara mbele ya alama nyeupe ya gare, kituo ya treni, polepole, sawa mama anaweka sahani ku meza. Shefu wa depo alikuwa anatuma machinisti bapya kwenda kuangalia vile Adalbert anasimamisha. Mukumbuke hiyo neno ya kusimamisha.

Mukumbuke tena filimbi yake. Kila machinisti iko na filimbi yake ya kuingia mu muji, na bibi yake anaijua. Ya Adalbert: mbili fupi, moja murefu. Bibi yake Laurentine, mutoto wa kijiji ya Lukafu, akiisikia pale ku nyumba yao, mu mutaa ya Kenya ya hapa Élisabethville, anaweka mayi ya kupikia ku moto. Adalbert akifika ku mulango, bukari, ugali yetu, iko inatoa moshi. Kwa hiyo alijisifu sana. Alisema bibi yake anatembea na saa ya reli.

Sasa tufike ku motokari.

Aliinunua mu mwaka 1953 kwa muzungu mumoja muzee mwenye alikuwa anarudia kwabo. Ilikuwa nyeusi, na mulango moja ilikuwa inafunguka kwa ndani tu. Jeannot, fundi wa motokari mwenye anatumikia karibu na soko ya Kenya, alikuja kupongeza, na aliuliza kwa heshima kama anaweza kuangalia chini kidogo. Adalbert alisimama katikati yake na motokari.

"Lokomotivi nzima ninaijua toka kichwa mpaka mukia. Hii sanduku ya magurudumu nne njo itanishinda?"

Haikumushinda mara moja. Ilifanya polepole.

Kwanza ilikula musitashi ya Adalbert, ndevu ya juu ya mudomo. Ku lokomotivi, mvuke ikizidi, tunafungua ipumue. Siku moja, kisha misa, motokari ilianza kutoa moshi mbele. Adalbert alisema mashini inaomba kupumua, akafungua kifuniko ya mayi na mukono. Mashini ilipumua. Ku dispansere balinyoa musitashi ya upande wa kushoto juu ya kupaka dawa ya kuungua. Ya upande wa kuume alikataa kunyoa, alisema ile haikufanya kosa. Tulienda Sakania na kurudi na machinisti mwenye upande moja ni muzee na upande ingine ni kijana wa seminari.

Kisha ilikuwa nyundo. Kila akisimama, alishuka na nyundo yake ya zamani, akapiga magurudumu moja moja na kutega sikio. Chuma inalia, ukijua utasikia ugonjwa yake. Lakini kauchu, mupira ya motokari, inasema pu. Muzima inasema pu, mugonjwa inasema pu. Mbele ya posta, Adalbert alisema pu moja haimupendeze, akapiga chuma ya katikati kwa nguvu. Kifuniko ya gurudumu iliruka, ikavuka barabara peke yake, ikaingia mu duka ya bitambaa. Adalbert aliifuata na kofia ku mukono, sawa muntu anafuata mbuzi yake mu shamba ya mwenzake.

Lakini hizo zilikuwa maneno ya kucheka tu. Ndoa ya Honorine haikuwa ya kucheka, hata kama tulicheka.

Honorine njo mutoto yao wa pekee. Adalbert alisema wazi mbele ya bantu: mutoto yake hataenda kanisani kwa miguu wala mu motokari ya kuazima. Ataenda mu mashini ya baba yake, yenye baba yake mwenyewe anatengeneza, na muntu mwingine hagusi. Siku mbili mbele ya ndoa alifungua magurudumu yote nne. Ndani alikuta freni, breki zenye zinasimamisha motokari. Alizigusa na kidole. Zilikuwa kavu kabisa! Alizihurumia. Alipaka mafuta mazito, ya mavagon, kila upande, na hakubania.

Asubui ya ndoa, Adalbert ku usukani, Laurentine pembeni yake na ndoo ya muchanga ku miguu. Muchanga ilikuwa desturi ya Adalbert: lokomotivi ikiteleza, tunamwaga muchanga ku reli. Nyuma tulikaa Honorine na miye, sababu balichagua muntu mwenye haogope. Tulienda muzuri sana. Kwenda hakukuwa na shida.

Mbele ya kanisa bwana-arusi alikuwa amenyosha mukono juu ya kufungua mulango. Tulimupita. Mukono yake ilibakia pale.

Laurentine alisema, "Baba Honorine, kanisa inapita!"

"Kanisa haipite, ni shiye tunapita. Mwaga muchanga!"

Alimwaga, kwa dirisha, akiwa mu pagne, kitenge yake mupya. Upepo ilirudisha yote ndani, ku kitambaa nyeupe ya Honorine na mu kinywa yangu. Adalbert alizunguka kanisa. Mara ya pili tukipita, alisalimia bantu na mukono, polepole, juu baone kama ilikuwa mpango. Bakwaya, bantu ba heshima, baliendelea kuimba na kugeuza vichwa. Jeannot alikuwa pale mu suti. Alikimbia pembeni ya dirisha na alilia kwa kicheko:

"Papa Adalbert! Munapeleka mutoto ku ndoa ao ku Sakania?"

Mara ya tatu tulisimama. Bajengaji balikuwa bameacha lundo kubwa ya muchanga nyuma ya kanisa, na motokari iliingia mpaka ku taa. Adalbert alishuka, alifunga vifungo vya koti, aliangalia bantu.

"Munaona? Nilisema muchanga njo dawa."

Jeannot alisema atakuja kesho kutoa ile mafuta, bure, kama zawadi ya ndoa. Hapo Adalbert alikasirika, na alisema neno yenye Kenya nzima ilisikia: "Siku mukono yako itagusa hii mashini, nitatembea na miguu mpaka Lukafu." Lukafu, sababu kule njo Laurentine iko na shamba ya wazazi yake, na kule njo balipanga kuzeekea. Honorine aliolewa vizuri, asante. Padri alingoja kidogo apanguse macho.

Kisha wiki moja, Laurentine alikuja kwangu.

"Shemeji, muniambie siku zenye munaenda Sakania na siku zenye munarudi. Honorine iko hai. Sitangojea mara ya pili."

"Umuambie mume yako."

"Kumuambia? Mukimuambia hapana, anaongeza mafuta."

Basi nilimuambia siku. Toka ile siku, treni yetu ikitoka, Jeannot anaingia kwa mulango ya nyuma na kriki yake ya kuinua motokari. Anafungua yenye Adalbert alifunga, anafunga yenye Adalbert alifungua, anapangusa mafuta na petroli. Laurentine anamulisha bukari na samaki. Na banajua namna gani saa ya kumaliza? Kule mbali, ku kona ya reli, mbili fupi, moja murefu. Jeannot anashusha kriki, anaokota vyombo, anatoka. Laurentine anaweka mayi ku moto. Ni Adalbert mwenyewe alikuwa anavuta ile kamba ya filimbi, na kifua mbele, na miye pembeni yake ninaangalia moto sana.

Miaka tatu! Na kila juma, mu depo: "Munaona ile motokari? Toka ndoa haijanisumbua. Mukono moja tu, yangu." Shiye bote tuliangalia viatu. Kunyamaza miaka tatu si kazi ya kila muntu, zaidi muntu mwenye anajua mambo mingi sawa miye. Nilinyamaza muzuri kupita bote.

Sasa, ndugu Adalbert, unasikiliza. Karani anasoma, kofia yako iko ku mukono, Shefu wa depo iko pembeni yako, na Laurentine iko mu mustari wa kwanza. Hauwezi kupiga kelele. Ni Laurentine alichagua hii nafasi ya kukuambia, miye niliandika tu.

Wiki iliyopita ulinunua bidoni, dumu mukubwa, ya mafuta mazito juu ya safari. Laurentine aliiona. Njia ya Lukafu iko na milima ya kushuka, na kule hakuna Jeannot, na hakuna lundo ya muchanga ku kila kona. Alikuja kwangu, hakulia, alisema, "Shemeji, ao bidoni ipande mu motokari, ao miye nipande." Bidoni iko kwangu sasa, chini ya kitanda. Hautaiona. Na usihangaike juu ya Jeannot. Hizi miezi ya mwisho hakufanya kintu, alikula bukari tu, na Laurentine alifungua magurudumu yeye mwenyewe, na ufunguo yake mwenyewe, yenye anaficha mu unga. Kwa hiyo motokari yako iko mu mikono ya nyumba yako, sawa ulitaka. Weye ushike usukani, hakuna mwenye anakushinda. Freni, umuachie bibi yako.

Juu ya ile neno ya kutembea na miguu, bantu ba depo tumeisahau bote. Jeannot naye anasema hakusikia, alikuwa anacheka sana. Lakini kama unataka kulinda neno yako, anza kutembea sasa. Laurentine atakukuta mu njia na motokari, na atasimama. Yeye anaweza kusimama.

Tunakushukuru kwa miaka yote, kwa treni zote zenye ulileta salama, na kwa vicheko vyenye haukutaka kutupa. Zawadi ya depo ni ndoo moja ya muchanga safi ya lokomotivi. Mafuta, hatukupe.

Mukipita ku kivuko ya reli, nitavuta kamba miye mwenyewe, mbili fupi, moja murefu. Kisha pale, kwisha. Ku Lukafu hakuna reli, ndugu. Utaingia mu nyumba bila kupiga filimbi, utamukuta Laurentine mu kazi yoyote yenye anafanya, na bukari utaingojea sawa bantu bengine. Muishi kule muzuri, muzeeke pamoja, na mu motokari mupande batatu: weye, yeye na akili.

Liévin Mutale, mutia-makala wa kwanza wa depo