Makufuli Mawili ya Chumba cha Cherehani

Sogeeni wanangu, kaeni hapa kitandani, wewe mkubwa miguuni na wewe binti kichwani, na huo mlango wa kwendea kwenye cherehani ufungeni, maana nina maneno nataka kuyasema pumzi ikiwa bado inanitii. Maji nitakunywa baadaye. Nisikilizeni.

Moyo wangu hautulii. Siogopi kufa, msinitazame hivyo. Naogopa kesho asubuhi. Mkubwa, ulikuja hapa peke yako ukaniambia, "Mama, nipe mimi funguo, huyu atakifilisi kiwanda kwa kuchekacheka na watu." Hujafika hata uani, dada yako akaingia na chai: "Mama, ukimpa kaka, mafundi wote watahama." Mimi nikafumba macho nikajifanya nimelala, na tangu siku hiyo sijapata usingizi.

Chumba hiki kinapakana na cherehani, na ukuta wenyewe ni mbao tupu, kwa hiyo msidhani kuna jambo la huko nisilolijua.

Mkubwa, ulirudi kutoka masomoni na saa ile ya kubonyeza, ya kupimia watu mbio, ukasimama nyuma ya mafundi ukiwahesabia hata pumzi. Ulisema kila kazi ina njia moja tu iliyo bora, na fundi akioneshwa njia hiyo na kulipwa kwa kila kipande, atakimbia mwenyewe. Siwezi kukukatalia: ulipoisogeza meza ya kukatia na kuwapunguzia watu safari za kufuata uzi, kazi ilikwenda, na Mama Kola, anayetushonea kola tangu wewe unatambaa, akawapita wote. Ukafanya nini? Ukaona anapata pesa nyingi mno, ukaishusha bei ya kola. Tangu hapo, baba, anazikalia. Ndiyo, anazikalia! Akimaliza kola zake anazisukuma chini ya mto wa kiti usije ukaishusha bei tena, anazilalia kama kuku, na mguu unaendelea kukanyaga ili wewe usikie mlio. Cherehani isiyo na kitambaa ina sauti yake, nyepesi, kavu, nami naisikia kila alasiri, kwanza moja, halafu zote. Wewe unasimama pale na saa yako ukifurahi kwamba wanajitahidi. Unapima upepo, mwanangu.

Usicheke, binti, zamu yako inakuja. Wewe nawe ulileta yako: kwamba mtu hasukumwi na pesa peke yake, kwamba akiulizwa, akasikilizwa, akajiona ni mmoja wa kundi, mikono inachangamka. Ukawauliza taa zining'inizwe wapi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuwauliza. Taa zikashushwa, kazi ikapanda. Taa zikaungua, kazi ikabaki juu vilevile, na kaka yako akabaki anazikodolea macho balbu. Nilifurahi siku zile, nilisikia hadi nyimbo. Lakini fundi wa mifuko alipoanza kuishona mifuko mdomo, suruali baada ya suruali za sare ya shule, uliona ukanyamaza, eti mkewe anaumwa, usimvunje moyo. Shule ikaturudishia mzigo mzima, watoto hawana pa kutia mkono. Walioifumua ni wenzake, na wote walikuwa wakikungoja wewe useme neno.

Na hao wataalamu waliosema hayo mliyoyasoma walikufa zamani, kabla hata mimi sijazaliwa, nanyi mnawagombania utadhani walikuwa wajomba zenu.

Fundi mkasi wa ng'ambo ya barabara, yule ambaye baba yenu alimfukuza kwa sababu alimaliza kazi mapema akakaa, nendeni mkamsalimie. Baba yenu amezikwa hawasemezani. Kinyongo hicho simrithishi mtu.

Ngojeni. Ngojeni kwanza. Mbona kimya? Si saa ya kula sasa hivi. Hakuna cherehani hata moja inayokwenda, hata ile kavu. Mkubwa, umewaambia nini asubuhi? Binti, mbona unaangalia chini? Jamani, mafundi wameondoka! Wameondoka na mzigo wa shule unatakiwa kesho, na mimi nimelala hapa kama gogo. Fungua mlango. Fungua, nimesema!

Ah. Kumbe mko hapo. Mama Kola, sikio lako limechapwa alama ya ubao. Msione haya. Nanyi mna watoto, mnataka kujua kesho yenu imewekwa mikononi mwa nani. Ingieni basi, msikie wote, sina nguvu ya kurudia.

Binti, ingiza mkono chini ya mto wangu. Hata mimi nina vyangu nilivyovikalia. Nilimwita seremala jana, mlipokuwa sokoni kwa vitambaa. Mlango wa mbele wa chumba cha cherehani sasa una makufuli mawili, na usiku huu ndipo yatafungwa kwa mara ya kwanza. Mkubwa, shika ufunguo wa kufuli la juu. Binti, wa chini. Hakuna wa akiba. Mlango hautafunguka mpaka mfike wote wawili, na siku mtakayonuniana, watu hawa watasimama uani wakiwatazama, nanyi mtakoma. Kiwanda ni chenu nusu kwa nusu. Chumba hiki mlale kwa zamu, mpate kusikia.

Bei ya kola irudi ilipokuwa, mkubwa. Sema sasa, mbele yake... Kwa sauti... Haya. Na wewe binti, fundi wa mifuko yule pale, anajificha nyuma ya wenzake. Mwambie kuhusu mifuko yake. Taratibu, lakini mwambie... Haya. Umeona, hajafa mtu.

Nipeni mikono. Nimewapa radhi zangu zote, ninyi na watoto wenu na hawa mnaowaona. Mungu awape... awape kuvumiliana. Msitengane. Mkinizika... msifunge kazi siku nyingi.

Sasa rudini kwenye viti vyenu. Siwezi kupumzika kwenye kimya hiki, kinanitisha. Mlango uacheni wazi.

Hiyo... hiyo ni ya vifungo, inataka mafuta. Hiyo ya mifuko. Mkubwa, saa yako weka chini, sikiliza... Na hiyo ya Mama Kola.

Hiyo... ina kitambaa.