Mtamba wa Zuena

Hapana, Projestus, hilo halirukwi. “Shangazi, ya ndama yaache.” Siyaachi! Baba yako alikuwa mdogo wangu kabla hajawa baba yako. Benigna, mjukuu wangu, andika wasifu huu wa marehemu kama ninavyosema. Mimi kalamu sikufundishwa.

Marehemu Deusdedit Mwijage alizaliwa Kanazi tarehe 4 Machi 1931. Alilia kwa sauti kubwa hata samaki wa ziwani wakahamia Uganda, anayebisha akawaulize. Alisoma mpaka darasa la nne, akamwoa Getruda mwaka 1955, akalima kahawa na ndizi.

Baada ya vita na Uganda, vibanja, mashamba yetu ya migomba, vilikuwa vimechoka, ng'ombe hakuna. Kisha ukaja ule ugonjwa tuliouita Juliana, yaani UKIMWI, wajane wakajaa. Mwaka 1989 tukaanzisha ushirika wa ng'ombe wa mbolea. Sheria ilikuwa moja: ukipewa ng'ombe, mtamba wake wa kwanza, ndama jike, unampa mwenzako wa zamu inayofuata. Mwijage, mwenyekiti, alipewa wa kwanza. Aliyefuata ni jirani yetu Zuena, mjane, migomba yake imekonda kama miwa.

Ng'ombe akazaa mtamba. Mwijage akatangaza kwamba kafa. Nimetunga uongo mwingi maishani, ila huu ni ukweli mtupu: alizika gogo la mgomba nyuma ya zizi, na Zuena akaja kumpa pole, kichwani mkungu wa ndizi. Mwijage akaupokea! Ndama mwenyewe yuko Izigo kwa shemeji, ananenepa.

Ushirika ulipojua, ulimvua uenyekiti, naye akamrudisha ndama zizini kwake badala ya kumpa Zuena. Tangu hapo hakuna mwanachama aliyekanyaga hapa. Hata kaburi hili wamechimba watu wa ukoo peke yao, na kanga hii sijajifunika uso kwa machozi tu.

Aliugua moyo tangu Januari, akafariki tarehe 9 Juni 1992. Kabla ya kukata roho aliniambia, “Dada, mtamba wa Zuena atoke zizini kabla mimi sijatoka nyumbani.” Projestus anasema ng'ombe ni urithi. Jeneza liko sebuleni, mtamba yuko zizini.

Ameacha mjane, Getruda, watoto watano, wajukuu kumi na mmoja, na ng'ombe asiye wake. Mungu amlaze pema, na sisi atupe uso wa kuwatazama...

Ngoja, Benigna. Nani huyo anapiga hodi?

Zuena. Na mkungu wa ndizi kichwani, kama siku ile.

Karibu, waitu, ndugu yetu, karibu ndani. Projestus, mbona umekaa? Kamfungue mtamba, kamba iko mlangoni pa zizi.