Barua Iliyomsubiri Mwenyekiti

Waliokuwapo Jumamosi ile ya mwaka 2012, kwenye benchi la kahawa Nkuhungu: Mrisho Sefu, fundi cherehani, tumwitaye Waziri, Geofrey Mlowezi, dalali wa mahindi, tumwitaye Kibaigwa, Nasri, mwenye birika, na mimi. Hakuwapo Optatus Chidawali, mwenyekiti wa kamati ya shule. Tulimsubiri atie sahihi barua ya kumkataa Mwalimu Evelina, anayefundisha Kiingereza kwa Facebook: kila mwanafunzi aandike humo habari ya nyumbani kwao, kila siku, wenzake wamjibu.

Waziri: Kiingereza kina daftari lake. Hiki cha simu ni cha wapi?

Kibaigwa: Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ulimwengu wenyewe huu hapa, nimemnyang'anya mwanangu.

Akaiweka simu benchini, Facebook ikiwa wazi.

Nasri: Sasa mwanao leo anasomaje?

Kibaigwa: Wewe mimina kahawa.

Waziri: Na hivi vidole gumba?

Kibaigwa: Kila kidole, mtu kapenda.

Waziri: Kapenda? Hizo ni sahihi za mashahidi! Vikifika mia, binti kashachumbiwa Ulaya.

Kibaigwa: Mahari je?

Waziri: Inaingia kama vocha. Haba na haba hujaza kibaba!

Kibaigwa: Ngoja, habari ya leo hii hapa. Lo! Frida Chidawali, mjukuu wa mwenyekiti mwenyewe! Vidole thelathini na vinne, na saa tatu haijafika.

Waziri: Kaumbuka mzee. Akiviona hivyo atasaini bila kuomba kalamu.

Nasri: Mbona kachelewa? Yule huja kabla ya birika langu.

Waziri: Anaona haya. Mficha uchi hazai.

Tulicheka, hata mimi.

Akapita Shamila, anayesoma darasa moja na Frida, amejitanda khanga.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, akaitika Kibaigwa. Njoo utuambie, mwenzako huyu kapendwa na nani?

Akaitazama simu, kisha akatutazama sisi.

— Mmesoma alichoandika?

Waziri akageukia birika. Kibaigwa akanisukumia simu, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma kwa Waingereza. Nikavaa miwani.

Frida alikuwa ameandika kwa Kiingereza safi, jina kwa ukamilifu wake, kwamba babu yake, Optatus Chidawali, amefariki dunia nyumbani, leo, saa kumi na moja alfajiri.