Kamera ya Mezani Huwashwa Mwisho

Mgeni rasmi uliye Mwenyekiti wa Bodi ya hospitali yetu, Daktari Mkuu, wauguzi na ndugu wote mliofika:

Karibu sana. Umekuja kutufungulia chumba kipya cha upasuaji, na sisi mafundi wa picha tumepewa dakika chache za kusoma. Tuliagizwa risala iwe ya furaha. Utuwie radhi, furaha tumeitafuta tukaikosa.

TULIKOTOKA

Kitengo chetu kilianza na kamera moja, imefungwa kwa plasta ya kidonda juu ya stendi ya dripu. Aliyeifunga ni mwenzetu tunayemwita Mzee Stara. Jina hilo alilipata kwa sheria yake moja: kamera inayotazama meza haiwashwi mpaka mgonjwa awe amefunikwa.

"Huyu ni mama wa mtu," alikuwa akitukemea. "Shuka kwanza, picha baadaye."

Basi kamera zilipofika nne, tukawa tunawasha ya mlangoni, ya mashine ya usingizi, ya vyombo, na ya mezani mwisho. Sote tumelelewa hivyo.

MAFANIKIO

Madaktari waliojifunza kwa picha zetu wametapakaa hospitali za mbali na karibu. Hatutajisifu zaidi, kizuri chajiuza.

CHANGAMOTO

Unajua, mgeni rasmi, kwamba mama mmoja alitufia mezani. Mumewe aliomba kuona kilichotokea. Picha ya mezani haikuwepo. Ilikatika katikati ya upasuaji. Ya mlangoni ilikuwepo, na inamwonyesha Mzee Stara akichomoa waya. Hospitali ikamshtaki kwa kufuta ushahidi, na sasa yuko mahabusu.

Sisi wa kazi hii tunajua alichomoa kwa sababu picha ilikuwa imeshakatika. Ndiyo dawa yetu ya siku zote: chomoa, chomeka, omba Mungu.

Lakini kusema si kuthibitisha, tukaingia kazini. Tulibadilisha waya, ikakatika. Tukaweka kamera mpya, ikakatika. Tukaipeleka ya mezani mlangoni na ya mlangoni tukaileta mezani. Bado iliyokatika ni iliyo mezani. Tulikaribia kuita mganga. Ndipo dada yetu wa zamu ya asubuhi, kwa haraka zake, alipoiwasha ya mezani kwanza. Ikasimama imara, ikakatika ya vyombo, iliyowashwa mwisho. Kumbe kamera zote zinaingia kwenye kompyuta kwa tundu moja. Za mwanzo zinajinyakulia njia, ya mwisho inabaki na makombo, na picha zikizidi uzito inatupwa nje.

Tulikimbilia mahabusu na habari hiyo, vifua mbele. Mzee Stara alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo ningeiwasha kwanza, picha ya yule mama ingekuwepo?"

Tulikosa hata uongo wa haraka. Tukasema ndiyo.

"Basi ni mimi," akasema. "Mwambieni mume wake ni mimi."

Tangu hapo hataki wakili, na chakula tunachompelekea kinarudi kama kilivyokwenda. Kesho anasimama mahakamani, na ameapa atakiri. Mgeni rasmi, tunaumia. Tulikwenda kumwokoa, tukammaliza.

MAOMBI

Chumba unachokifungua leo kina kamera nane, na tundu ni lile lile moja. Tunaomba zigawanywe, zipate njia zaidi ya moja. Hilo linaweza kusubiri.

Lisiloweza kusubiri ni hili. Mlalamikaji katika kesi ni hospitali, na saini iliyo chini ya malalamiko ni yako. Tunaomba uyaondoe leo, kabla ofisi hazijafungwa. Ukitaka kuona kwa macho yako, tutaziwasha kamera mbele yako sasa hivi.

Mume wa marehemu tumemwalika. Ameketi mstari wa nyuma. Tulipomweleza yote haya, hakutuuliza habari za matundu. Aliomba aoneshwe tena ile picha ya mlangoni. Aliitazama mikono ya Mzee Stara ikihangaika na waya, ikichomoa na kuchomeka. Akatuambia:

"Nilichotaka kujua ni kama kuna mtu aliyekuwa akimhangaikia mke wangu. Kumbe alikuwepo. Mtoeni."

Mungu akujaalie, mgeni rasmi, moyo aliojaaliwa mfiwa huyu.

Ni sisi,
Mafundi wa picha wa vyumba vya upasuaji, tuliobaki nje.