Dada Yetu wa Jicho la Pili

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, kifungua mimba katika watoto watano wa mwalimu na mshonaji. Alimaliza sekondari mwaka 1979, kisha akachaguliwa kusomea sayansi ya baiolojia ya tiba. Baba aling'aka, "Miaka yote hiyo, halafu usiwe daktari?" Akajibu, "Baba, daktari atajuaje bila mimi?" Muhula wa kwanza alichomwa kidole darasani, akaona damu yake mwenyewe, akaanguka pu! Jamani, tulimcheka mwaka mzima.

Alihitimu mwaka 1984, akaingia maabara ya hospitali, na hakuiacha kwa miaka thelathini na minne. Kwake, jibu zito halikutoka mpaka mtu wa pili atazame hadubini na kuandika lake bila kuambiwa kitu. Ndipo wakambandika jina la Jicho la Pili. Wanafunzi wake leo wako benki ya damu, kwenye utafiti wa chanjo, kwenye vipimo vya vinasaba. Mmoja ni mhadhiri.

Mwaka 1987 aliolewa na fundi saa, wakajaliwa mabinti wawili. Shemeji husema nyumba yao ilikula kwa kukodoa macho.

Januari 2018 alianza kuchoka ovyo. Tarehe 9, msaidizi wake alimtoa damu, akaipa namba kama sampuli nyingine zote. Mchana slaidi, kile kioo kilichopakwa damu hiyo, ikamfikia yeye mwenyewe. Akaitazama, akaita, "Njoo. Usiniulize nimeona nini, andika chako." Wote wawili waliandika: saratani ya damu.

"Mgonjwa huyu aitwe leo hii hii," dada akasema.

Msaidizi akafungua daftari la majina, akafuata namba kwa kidole, akairudia.

"Haya, ni nani?"

"Ni wewe, dada."

Yule aliyezimia kwa tone moja hakuanguka. Alifuta miwani, akaitazama tena, akasema, "Slaidi umeipaka vizuri." Akatia saini.

Alitibiwa miezi kumi na minne. Alifariki tarehe 11 Machi 2019, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja na wadogo zake wanne.

Slaidi ile aliwaachia wanafunzi, akakataza wasiambiwe ni ya nani. Msaidizi anasema juzi msichana wa mwaka wa kwanza aliitazama, akainua kichwa, akaita: "Jamani, nani anipe jicho la pili? Huyu mgonjwa asisubiri."

Kazi imeshikwa, dada. Pumzika kwa amani.