Mvumo wa Kilomita Thelathini na Moja

Benchi la mbele ya sheli ya Tallow Creek halijawahi kukosa hakimu. Hapo madereva wa malori ya magogo hunywa kahawa kabla ya kupanda msituni, na asubuhi ile kesi ilikuwa ya Tamsin, miaka ishirini na mitatu, wiki ya tatu kazini. Jana, akishuka na shehena kwenye barabara isiyopitisha malori mawili, alikutana uso kwa uso na Babu Breki aliyekuwa akipanda tupu. Babu akalitumbukiza lori lake mtaroni. Sheria ya barabara ile hata mbwa wa sheli anaijua: kila kilomita unaitaja redioni, na anayepanda tupu anajibana kando ampishe mwenye mzigo. Saa mbili kamili msimamizi wao, Ostrander, angefika kuchukua funguo za Tamsin. Tamsin alikuwa amezifumbata mpaka meno ya funguo yakamchora kiganja.

— Ungetangaza, mdogo wangu, yasingekufika, alisema Profesa, dereva mwenzao aliyepewa jina hilo kwa methali zake, akijimiminia kikombe cha tatu. Lori lake la bluu lilikuwa ubavuni mwa benchi, dirisha wazi. — Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye.

— Mwana gani tena? Nilitangaza! Nilisikiliza kwanza, redio inavuma tu, nikabonyeza hivyo hivyo, nikasema "thelathini na moja, nashuka na magogo," nikaachia kitufe, nikatundika maiki. Nioneshe kosa langu liko wapi hapo.

— Mimi nilisikia mvumo tu, alisema Babu Breki, Gurdial kwa jina la nyumbani, plasta puani. — Vuuuu, robo saa nzima. Hata kukohoa humo usingepata nafasi.

— Ni jua, alidakia Marcel, ambaye wote humwita Redio Mbao. — Linapasuka, linamwaga cheche, zinaingia kwenye antena. Haba na haba hujaza kibaba.

— Jua la saa nne asubuhi, na mawingu yale? aliuliza Babu Breki.

— Basi dubu. Jike. Kaokota maiki ya mtu, anawasimulia watoto.

— Dubu ni utoto, alisema Profesa, akinyanyua kidole. — Ni misonobari. Tumeikata miaka sitini, sasa imejua masafa yetu. Inavuma kwa pamoja, inatuziba midomo. Dalili ya mvua ni mawingu!

Tamsin akasimama.

— Yaani mti umepata akili ya kushika redio, ila mwanamke hajapata? Mnaamini msitu, hamniamini mimi?

Mara greda la njano likaingia kwa kishindo. Akashuka Hedvig, mgeni kutoka bonde la pili, jasho likimtiririka.

— Habari zenu. Bingwa wa misonobari ni yupi?

— Mimi, alisema Profesa, akijiweka sawa. — Sifa zimefika mbali?

— Nawasikia redioni tangu kilomita ya kumi. Nimeshuka kona zote nikipiga honi kama msafara wa harusi, maana sikupata mwanya wa kusema nilipo. Swali langu dogo tu: hapa mnaongelea kwenye redio ya nani?

Redio Mbao akageukia dirisha wazi la lori la bluu.

Tamsin akaenda kwenye lori la bluu. Maiki ilikuwa kitini, na juu ya kitufe chake limekaa boksi la chakula. Taa nyekundu ya kurusha sauti inawaka. Aligusa redio: moto kama pasi.

— Redio ya moto hivi, na pampu ya petroli hii hapa, hatua nne, alisema taratibu. — Jana saa nne ulikuwa wapi, Profesa?

— Kilomita ishirini na tisa… Ndoano ya maiki ilivunjika tangu theluji ya kwanza, naitupa tu kitini. Nikasema nitaifunga kesho.

Tamsin akaliondoa boksi. Taa ikazima, na redio ikapata pumzi:

— Ostrander hapa. Nimewasikia tangu kikombe cha kwanza, mkanikosesha hata pa kuingilia. Tamsin, funguo baki nazo. Profesa, zako nataka kuziona mezani mpaka ndoano irudi. Na misonobari iombwe radhi.

Babu Breki alicheka hadi plasta ikabanduka, kisha akachomoa bisibisi mfukoni, akapanda kwenye lori la Profesa bila kuombwa.

— Nisamehe, binti, alisema Profesa.

— Tamsin.

— Nisamehe, Tamsin.

Tamsin akapanda kwenye lori lake. Akasikiliza: kimya safi. Alipotoka kwenye sheli akabonyeza.

— Sifuri, napanda tupu.

Kutoka juu kabisa ikashuka sauti ya mtu asiyemjua:

— Nimekusikia, sifuri. Niko kumi na nane, nashuka na magogo. Utanipisha, dada?

— Nakupisha.

Akatundika maiki, akakanyaga mafuta.