Ndahiro Ezéchias na Wimbo Usio na Kiitikio

Sogeeni karibu, mlio mlangoni mwa kanisa ingieni mfunge, baridi ya Buffalo haimjui mfiwa, wamama wa jikoni acheni sahani kidogo, watoto zimeni simu, nyamazeni nyote. Anayesoma ni mjukuu wangu Umuhoza, lakini maneno ni yangu mimi Mukabutera, mama wa marehemu, shule sikuingia hata mlango wake, donc yeye ameandika nilivyosema, na nimemkataza kunyoosha mahali nilipopinda.

Kabla ya yote mjue jambo moja. Jumanne Mzee Azarias, mkuu wa wazee wa kanisa letu, alikuja kwenye matanga, akala vizuri, akafuta mdomo, kisha akaniambia: "Mama, kwenye historia weka neno moja tu, kwamba alitubu, na korali itamwimbia kaburini. Bila neno hilo korali haitashuka kwenye magari." Nilimwongezea chai. Jibu lake litasomwa likifika mahali pake.

Ndahiro Ezéchias alizaliwa tarehe 3 Machi 1983, Minembwe, kwenye milima ya Kivu ya Kusini, mtoto wa tatu wa marehemu Shami na mimi, na alikua akitembea nyuma ya baba yake, ambaye alikuwa akisifu ng'ombe zake kwa sauti kubwa, mmoja baada ya mwingine, kutoka zizini mpaka ng'ambo ya mto, bila kurudia neno, mwendo ukibadilika mlima unapopanda na mlima unaposhuka. Shule ya msingi alisoma hapohapo Minembwe, akamaliza mwaka 1996, sekondari aliianza Uvira mwaka 1998, diploma hakuipata kwa sababu vita havikungoja mtihani, na mwaka 2004 tulikimbilia Bujumbura, ambako alijifunza kupiga kinanda katika kanisa la wakimbizi, akawa mtu wa korali tangu siku hiyo.

Tarehe 22 Oktoba 2008 tulifika Amerika, mji wa Louisville, Kentucky, tukapewa apatimenti mtaa wa Newburg, naye akapata kazi ya kupakia makaratoni katika ghala, shifti ya asubuhi. Hapo ndipo Azarias anasema mtoto wangu alipotea, bon, nisikilizeni namna mtu anavyopotea. Gari hatukuwa nalo, na mzee mmoja mzungu, jina lake Dale, dereva wa ile mashine ya kunyanyua mizigo, alikuwa akimrudisha nyumbani. Siku moja naona kwa dirisha gari limesimama uani, injini inanguruma, hakuna anayeshuka, nikasema basi, wamemfukuza kazi, nikashuka na kitenge tu kwenye baridi, nikamkuta mwanangu ameinamia redio, amenyoosha mkono kunizuia nisifungue mlango. Wimbo ulikuwa umeanza kwenye geti la ghala, Newburg wamefika, na wimbo bado. Mwanangu alikataa kushuka mpaka uishe. Dale hakumwambia kitu, na majuma yalipita kabla Ndahiro hajajua kwamba anayepiga ngoma ndani ya ule wimbo ni yuleyule aliyeshika usukani.

Bendi yao ni ya wazee wanne, jina lake nimetafsiriwa ni Kinu cha Mvua, na muziki wao ni ile roki wanayoiita progresivu. Msinitazame hivyo, mimi siutetei. Niliusikiliza nikasema ni masufuria yanayoporomoka kwenye ngazi, na leo nasema vilevile, filimbi inaingia bila kualikwa, kinanda kinalia kama ng'ombe aliyenyang'anywa ndama, ukifikiri wamemaliza kumbe walikuwa wanavuta pumzi. Kila Jumamosi wanapiga Columbus, kule Ohio, katika baa ambayo wasikilizaji wake hawajazi hata kikundi cha maombi, na mashati yao, Mungu atawahukumu peke yake. Lakini mwanangu aliupenda muziki huo kama mtu anavyopenda mahali alipozaliwa. Nilipomkemea aliniuliza: "Mama, Papa alipokuwa anasifu ng'ombe, wewe ulikuwa unangoja kiitikio?" Na kweli, sikuwahi kukingoja.

Mwaka 2011 alihamia Columbus. Ninyi ndugu mnaosema alifuata kazi ya kiwanda cha nyama, kazi hiyo aliipata ndiyo, lakini aliifuata kama mtu anavyofuata barabara kwenda anakokwenda. Huko alimuoa Gracieuse, tarehe 18 Agosti 2012, na Mungu akawapa Mucyo mwaka 2013 na Uwineza mwaka 2016, na Gracieuse ni shahidi kwamba mumewe alikuwa akirudi kutoka kwenye baa hiyo kinywa kikinuka Fanta.

Juni 2018 tulihamia wote hapa Buffalo, yeye akafanya kazi Tonawanda, kiwanda cha plastiki, na kanisani akawa mpiga kinanda wa korali, kwa kinanda chake mwenyewe. Sikukuu ya Pasaka ya 2022, kati ya ubeti wa pili na wa tatu, aliingiza kipande kidogo cha kwake, kinachohesabika saba badala ya nne. Wamama wa korali, mnajua mnavyoyumba kulia na kushoto, siku hiyo nusu mlikwenda kulia na nusu kushoto, mkagongana mabega mbele ya wageni kutoka Rochester. Mimi nilicheka. Azarias hakucheka, aliitisha kamati, na kamati ikaona kwamba ndani ya kinanda kuna pepo.

Watu wazima, wenye leseni za kuendesha gari, walikizunguka kinanda cha umeme siku ya Ijumaa, wakakiwekea mikono, wakakimiminia mafuta ya zeituni, si tone, walimimina kama wanaokaanga ndizi. Jumapili katikati ya sifa kinanda kikapiga yowe moja refu, kikazima. Azarias akatangaza kwamba pepo limetoka. Ndahiro alikibeba nyumbani, akakifungua, akakisafisha kwa pamba, kikaimba tena, isipokuwa sauti chache za juu, zile zimekaangika moja kwa moja.

Basi wakamtenga. Wakamketisha benchi la nyuma, Meza ya Bwana ikawa inampita, mpaka siku atakaposimama mbele ya kanisa aseme ametubu muziki wake. Hakusimama, na hakukosa Jumapili hata moja, alikuja, akakaa nyuma, akaitikia nyimbo zenu zote kwa hesabu ya nne, mkamtazama kama mtu aliyeiba sadaka.

Ugonjwa wa figo ulianza mwaka 2023, akawa anasafishwa damu hospitalini, akafariki Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, hapahapa Buffalo. Azarias anakaa mtaa wa pili kutoka hospitali, hakuja kumwona hata mara moja, akasema hali ya hewa ni mbaya. Dale alivuka Kentucky, akavuka Ohio yote kwa gari bovu, ndani ya hali ya hewa hiyohiyo, akakaa kando ya kitanda, akapiga ngoma kwa vidole kwenye chuma cha kitanda, na kidole cha mwanangu kikamfuata. Ndiye yule ameketi benchi la nyuma, mahali pa Ndahiro, msimkodolee macho.

Sasa jibu, Azarias. Nilikuwepo mpaka mwisho. Aliomba chai ya maziwa, akaomba asomewe Zaburi, akawabariki watoto. Hakutubu muziki, na mimi sitamwekea mtoto wangu maneno mdomoni eti kwa sababu mdomo umefungwa. Mungu hakumwacha hata siku moja, iliyomwacha ni kamati. Korali ibaki kwenye magari. Kaburini utapigwa ule wimbo wa Newburg, mzima, na nyote mtausikiliza mkiwa mmesimama kwenye theluji, hauna kiitikio, msikingoje.

Tunawashukuru madaktari na manesi waliomwita kwa jina lake bila kulivunja, majirani waliosukuma theluji mlangoni petu, wenzake wa Tonawanda waliomshikia shifti, na mama mmoja wa korali, jina simtaji, aliyeleta ugali kila wiki akipitia mlango wa nyuma.

Ndahiro wangu, lala sasa, amani iwe nzito juu yako kama blanketi ya Minembwe.

Vitu vyake tumekwisha kuvigawa. Mucyo amerithi kinanda pamoja na sauti zake zilizokaangika, Uwineza amepewa kanda na santuri zote za Kinu cha Mvua, Gracieuse ana zile hedifoni, asikie alichokuwa anasikia mumewe, na Dale amechukua koti la baridi, maana lake ni aibu. Mzee Azarias ameachiwa chupa ya mafuta, aliisahau juu ya kinanda, imebaki nusu. Na lile neno lake, alitubu, hakuna aliyelirithi, kwa sababu Ndahiro hakuwa nalo.